Makumbusho na Makasri ya Buganda, Ng'ambo ya Mpaka wa Malaba

Kwa mkazi wa Kocholia, katika eneo la Wateso nchini Kenya, nchi ya kigeni huanzia Malaba, ambako raia wa Kenya huruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Barabara inayobeba malori ya mizigo hupitia Tororo, Iganga na Jinja hadi Kampala, kwenye kitovu cha Buganda, ufalme ambao mtawala wake huitwa Kabaka. Kwa Wateso, ambao jadi yao haikuwa na mfalme mmoja juu ya wote, ziara hii hufunua mfumo tofauti kabisa wa utawala wa Kiafrika.

Inafaa kuanzia Makumbusho ya Uganda, yaliyoasisiwa mwaka 1908 na kuhamia Kitante, jijini Kampala, mwaka 1954, yenye hazina kubwa ya ala za muziki. Kasri la Mengo, lililoanzishwa na Kabaka Mwanga II mwaka 1885, lina historia chungu: lilishambuliwa na jeshi la serikali ya Milton Obote mwezi Mei 1966, Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, kisha likageuzwa kambi, na vyumba vya chini ya ardhi walimofungiwa na kuuawa watu enzi za Idi Amin huonyeshwa wageni hadi leo, jambo linalostahili kusifiwa.

Hata hivyo, mahali pasipopaswa kukoswa ni Kasubi, kasri alilojenga Kabaka Mutesa I mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. Nyumba yake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi, na pete 52 za paa lake huwakilisha koo 52 za Baganda. Nyuma ya pazia la magome ya mti wa mutuba kuna kibira, yaani msitu mtakatifu, kwa kuwa huaminika kwamba Kabaka hafi bali huingia msituni. Ndiyo maana mgeni huvua viatu mlangoni. Wamelala humo wafalme wanne, wakiwemo Mwanga, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na Mutesa II, aliyefia London mwaka 1969, ambao mabaki yao yalirudishwa nyumbani.

Moto uliiteketeza nyumba hiyo tarehe 16 Machi 2010, miaka tisa baada ya UNESCO kuitambua Kasubi kuwa Urithi wa Dunia. Ujenzi upya ulichukua miaka mingi, kwani uezekaji ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, unaofuata miiko yake, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.