Waandaa Ziara wa Songwe Wasaidiwe Kuonekana

Msafiri atokaye Mbeya kwa barabara kuu ya TANZAM hupita Mpemba kabla hajaingia Tunduma mjini. Hapo Mpemba ndipo inapochepuka barabara ya Isongole, wilayani Ileje, kuelekea mpaka wa Malawi. Na mbele kidogo, ukifuata barabara kuu, ni mpaka wa Zambia. Kijana wa hapa anayezijua njia za Ileje, mashamba ya kahawa ya Mbozi na kimondo cha Ndolezi anacho cha kumwonyesha mgeni kwa siku nzima, tena kwa maelezo yasiyopatikana vitabuni. Shida yake ni kwamba mgeni hajui kama yupo.

Zamani mgeni aliulizia njiani. Siku hizi huuliza simu yake, tena huuliza angali kwao, wiki kadhaa kabla ya kufunga mizigo. Asichokiona humo hukihesabu kuwa hakipo. Kwa hiyo suala la ziara zetu kuonekana katika intaneti si anasa ya watu wa mjini, kama wengine wanavyodhani. Ni suala la nani atakula na nani atalala njaa katika biashara hii.

Tulichukua simu tukaandika neno Mpemba. Majibu yaliyotujia yalihusu watu wa kisiwa cha Pemba, jambo ambalo halimshangazi Mswahili yeyote. Mengine yalimhusu Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba ambaye mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu, aligundua kwamba maziwa ya moto yaliganda upesi kuliko yaliyopoa. Mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha habari hiyo, na tangu hapo wanasayansi wa dunia nzima wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina lake. Tunamheshimu sana ndugu huyo, ambaye baadaye alilitumikia taifa kama afisa wa wanyamapori katika wizara inayosimamia utalii. Lakini kijana anayetangaza "Ziara za Mpemba" bila kuongeza neno jingine amejificha nyuma ya barafu na karafuu.

Neno Songwe nalo lina mitego yake. Upo mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, na upo mwingine wa jina hilo hilo unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Ipo Wilaya ya Songwe, na upo Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Halafu upo Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, nao haumo kabisa katika Mkoa wa Songwe. Uko Mkoa wa Mbeya. Mgeni anayeambiwa "njoo Songwe" bila maelezo zaidi atateremka uwanjani, atatazama huku na huku, na dereva wa kwanza atakayemkuta atampeleka anakotaka dereva.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni kimondo chenyewe. Bonge hilo la chuma na nikeli, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokisiwa kuwa tani 16, ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Wenyeji walikijua tangu kale. Wageni walikijua mwaka 1930, pale mpimaji wa ardhi aitwaye W. H. Nott alipokiona, na mwaka 1967 serikali ikakitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa. Awali sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana; udongo wa pembeni ulichimbwa, na nguzo ya udongo iliyobaki chini yake ikajengewa saruji ili kikae juu yake. Sasa kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Hiyo yote ni habari ya kumvuta mtu kutoka mbali.

Lakini vitabu na kurasa zilizoandikwa kabla ya mwaka 2016 humwelekeza msomaji Mkoa wa Mbeya. Hazikukosea wakati huo. Kosa ni kwamba sisi tuliopata mkoa mpya hatukufanya bidii ya kutosha kuandika upya anwani ya mali yetu. Matokeo yake, atafutaye ziara ya kimondo hukutana na makampuni ya mbali yanayokiweka kama kituo cha saa moja katika safari ya Mbeya, na kijana wa Mbozi au Mpemba anayeweza kusimulia kwamba Wanyiha wa hapo walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha na kufua chuma karne nyingi, wakiishi jirani na chuma kilichoanguka kutoka angani, hasikiki.

Hebu tueleze kwa ufupi jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana wako watu wanaoyafanya yaonekane kama uganga. Mtambo wa kutafutia, kama ule wa Google, hulinganisha maneno ya anayetafuta na maneno yaliyoandikwa na mwenye ziara. Mgeni haandiki "ziara bora kuliko zote". Huandika jina la kitu, jina la mahali, na pengine muda alionao: kimondo cha Mbozi, kutoka Tunduma, nusu siku. Mwenye ziara aandike hivyo hivyo, kila ziara na ukurasa wake, ataje kijiji, wilaya, mkoa na mji wa karibu, aseme safari inaanzia wapi, inachukua saa ngapi, bei ni kiasi gani na ndani yake mna nini. Picha ziandikiwe maelezo chini yake, kwani picha isiyo na neno lolote haimsaidii sana mtambo wala mtu. Na kwa kuwa dunia inakijua kimondo chetu kwa jina la "Mbozi Meteorite", jina hilo nalo liwemo, sambamba na la Kiswahili. Wapo tunaowasikia wakisema Kiswahili hakina kazi katika utalii. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mwalimu wa Iringa anayepanga safari ya wanafunzi wake hutafuta kwa Kiswahili, na basi moja la wanafunzi ni wageni wengi kuliko Wazungu wawili wa baiskeli.

Wa baiskeli nao wasidharauliwe, maana wanaovuka Afrika kutoka Cairo hadi Cape Town baadhi yao hupitia Tunduma. Hao hutumia ramani za simu zisizohitaji mtandao, na nyingi hutokana na ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza njia au kijiji kisichomo. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walichora kwa njia hiyo kata zinazokumbwa na mafuriko chini ya mradi wa Ramani Huria. Hapa kwetu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilisimamisha nguzo za majina ya mitaa, jambo jema. Ila jina lililo kwenye nguzo halitembei lenyewe mpaka likaingia kwenye simu ya mgeni. Lazima awepo mtu wa kuliingiza.

Kuandikisha shughuli yako kwenye ramani ya Google hakutozwi ada yoyote. Tunalisema hili kwa herufi nzito kwa sababu matapeli hawakosekani penye jambo jipya. Kadhalika, anayekuuzia sifa za uongo kutoka kwa wageni ambao hawajawahi kukanyaga Ndolezi anakununulia fedheha. Sifa hizo zikigundulika hufutwa, na jina lako hubaki na doa.

Zipo pia tovuti kubwa za nje zinazouza ziara kwa niaba ya wenyewe. Zina wateja, hilo hatulikatai. Lakini hukata ujira wao, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 30 ya bei, na asiye na ukurasa wake hana njia nyingine ya kufikiwa. Aidha hakuna tovuti itakayomwokoa mtu asiye na leseni inayotakiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kijana asiye na leseni akionekana mtandaoni, wa kwanza kumwona huenda akawa mkaguzi.

Rai yetu kwa Halmashauri ya Mji wa Tunduma na ofisi ya mkoa pale Vwawa ni ndogo na haina gharama kubwa. Atengwe ofisa mmoja, mwenye kompyuta na mtandao wa uhakika, akae siku maalumu Tunduma na siku nyingine Vwawa, waandaa ziara wamfuate wakiwa na leseni zao au wakitaka kujua namna ya kuzipata. Awasaidie kuandika kurasa zao na kuweka alama sahihi kwenye ramani. Yeye mwenyewe awaandikie wenye tovuti na vitabu ambavyo bado vinasema Mbeya, kimoja kimoja, awaombe wasahihishe. Mamlaka ya Ngorongoro nayo iweke katika ukurasa wake wa kimondo orodha ya waongoza wageni wa hapa wenye leseni, kwa kuwa kiungo kutoka taasisi kubwa ya umma huwapa wadogo uzito ambao fedha zao haziwezi kuununua. Kila tarehe 30 Juni dunia huadhimisha Siku ya Asteroidi, na wakati huo watu wa nchi nyingi huulizia habari za vimondo. Ofisa huyo akianza kazi mwezi Januari, atakuwa na miezi mitano ya kutosha.