Kabla ya Kumvika Mtoto, Fungua Kabati

Akina mama wenzetu, hebu tuulizane bila kuoneana haya: ni lini mara ya mwisho ulipotoa nguo zote kabatini mpaka ukaziona mbao za chini? Sisi akina mama wachache wa kanisa hapa Loliondo, baadhi yetu wauguzi, tulipoulizana swali hilo tulitazamana tukacheka. Mmoja akakiri kwamba hajaziona mbao hizo tangu siku fundi seremala alipolileta kabati nyumbani.

Lakini swali lenyewe halikuanza kwa mzaha. Lilianza kwa sababu ya mtoto.

Mama mmoja alijifungua salama mtoto wa kiume, mwenye uzito mzuri na anayenyonya vizuri. Bibi yake mtoto akaja wodini na furushi la nguo alizozitunza tangu mjukuu aliyetangulia, miaka tisa ndani ya sanduku la bati: fulana ndogo, kofia za kufuma, sweta la sufu na blanketi. Huku kwetu milimani baridi ya Juni na Julai haina mchezo, na bibi anayemletea mjukuu sweta anastahili kushukuriwa. Nguo zilikuwa zimekunjwa kama zimetoka dukani, na zilitoa ile harufu kali ya vidonge vyeupe vinavyowekwa katikati ya nguo ili kufukuza nondo. Sisi tuliokuwa zamu tuliisikia harufu hiyo, na lazima tukiri kwamba tuliifurahia. Tulimwambia, "Bibi, kweli wewe ni mtunzaji."

Siku ya pili macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Siku ya tatu umanjano ulikuwa umefika kwenye nyayo, midomo imepauka, na kunyonya kumekuwa kwa kulegea. Aliwekwa chini ya taa ya buluu, akaongezewa damu, na nguo zile zikavuliwa zote. Alipona. Bibi alilia sana, na sisi tulikosa la kumwambia, maana tulikuwa tumemsifu.

Vidonge vile vingi hutengenezwa kwa nafthalini. Wengine huviita kafuri, ingawa kafuri ya kweli ni kitu kingine, nayo pia ni sumu kwa mtoto. Nafthalini haiyeyuki ikawa maji. Hupungua kidogo kidogo ikigeuka mvuke, na mvuke huo hujishika kwenye nguo. Mtoto akivikwa, huuvuta kwa pumzi na kuupokea kwa ngozi yake laini, hasa ikiwa amepakwa mafuta. Kwa watoto wengine mvuke huo huvunja chembe nyekundu za damu. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Upungufu huo hurithiwa, huwapata zaidi wavulana, na upo kwa wingi katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, ikiwemo Tanzania. Kwa macho huwezi kumtambua mtoto mwenye nao. Damu ikivunjika kwa wingi, mtoto hupungukiwa na damu na kuwa na umanjano, na umanjano ukizidi unaweza kuharibu ubongo wake kwa maisha yote. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vidonge vya nafthalini mwaka 2008. Kwetu bado tunavikuta sokoni, na mara nyingi pakiti haina maelezo yoyote ya kueleweka.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hatujazungumzia kupanga: nguo za mtoto zisikae na vidonge hivyo hata siku moja. Zilizokwisha kukaa navyo zifuliwe kwa sabuni, zianikwe nje kwenye jua na upepo kwa siku kadhaa, kisha zinuswe. Kama bado zinanuka, mtoto mchanga asivikwe. Na ukimwona mtoto ana manjano katika saa 24 za kwanza, au umanjano umefika viganjani na nyayoni, au hanyonyi, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usimpeleke juani kusubiri. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie muuguzi nguo zilitunzwa na nini.

Nondo anakula nini?

Tulipowaeleza haya akina mama baada ya ibada, swali lilikuja papo hapo: "Sasa tuziache nguo ziliwe?" Ni swali la haki. Jibu lilitushangaza hata sisi. Nondo mkubwa anayeruka hali nguo kabisa. Mharibifu ni kiwavi wake, naye hula sufu, hariri, manyoya na ngozi. Pamba safi haimshibishi. Khanga zako na vitenge vyako vya pamba havimhusu, isipokuwa vina jasho au madoa ya chakula. Ukikuta khanga imetobolewa, mshuku panya kwanza, au mende, hasa kama uliihifadhi ikiwa na wanga. Maana yake ni kwamba wengi wetu tumekuwa tukijaza sumu kabatini kulinda nguo ambazo hazikuwa na adui huyo!

Sweta, suti ya sufu na blanketi ndivyo vinavyohitaji ulinzi, na ulinzi wenyewe ni kazi ya mikono. Fua, kausha kabisa, piga brashi kwenye mishono na chini ya kola ambako mayai hujificha, kisha funga ndani ya mfuko usio na tundu. Kila baada ya miezi michache toa, kung'uta, anika. Kiwavi huyu hapendi mwanga wala kusumbuliwa. Anapenda kabati lisilofunguliwa, lililojaa mpaka mkono haupiti, na hapo ndipo tuliporudi kwenye kicheko chetu cha mwanzo.

Kwa nini limejaa?

Tulikubaliana kuanza na kabati la mmoja wetu, naye akakubali kwa sharti kwamba tusitangaze. (Tunaandika bila jina.) Tulianza asubuhi, na tunakushauri ufanye hivyo hivyo. Ukianza jioni, nguo zitajaa kitandani na mume atalala kwenye kiti.

Zilitoka sare. Kila harusi ina kitenge chake, kila send-off, kila kipaimara, na msiba mkubwa nao siku hizi una sare. Tulihesabu sare 14, nyingi zimevaliwa mara moja tu. Zilitoka fulana za kampeni na za semina. Zilitoka gauni za kabla ya mtoto wa kwanza, zinazomsubiri mwenyewe apungue. Chini kabisa palikuwa na doti za khanga ambazo hazijawahi kukatwa, alizopewa na mama yake mzazi.

Tusiwacheke mama zetu kwa kuficha khanga mpya. Wao waliiona miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera, bidhaa zilipoadimika na kitambaa kikawa cha kupanga foleni, ingawa tulikuwa na viwanda vyetu kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Mitumba ilianza kuingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka hiyo. Aliyewahi kukosa nguo ya kumfungia mtoto hawezi kuitupa nguo. Sisi tumerithi hofu ile bila kuirithi dhiki, na sasa kila siku ya mnada tunarudi na nguo nyingine mbili kwa bei ya soda chache.

Swali tulilotumia lilikuwa moja tu: umeivaa tangu mvua za masika zilizopita? Kama jibu ni ndiyo, inarudi. Kama ni hapana, mwenye nguo anaeleza kwa nini ibaki, kwa sauti, mbele yetu. Nguo nyingi zilikosa wakili. Gauni la harusi lilibaki bila kuulizwa. Koti la marehemu kaka yake nalo lilibaki. Huzuni ina muda wake na hatukuwa na haki ya kuharakisha. Nguo za mume hatukuzigusa. Alikunjiwa pembeni, akaachiwa aamue mwenyewe jioni, maana ndoa nyingi zimetikisika kwa sababu ya suruali iliyogawiwa bila mwenyewe kujua.

Kugawa nako kuna adabu yake. Nguo iliyochanika ni tambara. Usimpe mtu kwa sababu tu hawezi kukataa. Nguo za ndani zilizovaliwa hazigawiwi. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku hata kwenye mitumba, na sababu ni afya. Khanga laini zilizofuliwa mara nyingi ndizo zawadi bora kwa mzazi: hufyonza maji na hazimkwaruzi mtoto. Katika wodi za wazazi kila wiki yupo mama aliyefika usiku kutoka mbali akiwa na khanga moja tu, ile aliyojifunga.

Vilivyokuwa nyuma ya nguo

Hatukutarajia kukuta chupa. Nyuma ya mashuka palikuwa na chupa ya soda yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyofichwa humo ili watoto wasiione. Palikuwa pia na vidonge vya presha vya mama mkwe ndani ya soksi. Huku kwa wafugaji jambo hili ni la kawaida kuliko tunavyopenda kusema. Mtoto wa miaka miwili akicheza kujificha kabatini ataikuta chupa, na kwake chupa ya soda ni soda. Vidonge vya nondo navyo huviona ni pipi. Dawa za mifugo zikae nje ya chumba cha kulala, kwenye chombo chake cha asili, juu na chini ya kufuli. Dawa za watu vilevile zifungiwe mbali na nguo.

Kupanga kwenyewe kulichukua muda mfupi. Za kutundika upande mmoja kwenye henga, ndefu zikae pamoja. Khanga na vitenge vikunjwe na kusimamishwa kama vitabu, ili ukivuta kimoja rundo lisianguke. Kabati tulilisogeza kutoka ukutani kwa upana wa kiganja na kuliinua juu ya matofali, kwa kuwa masika ukuta hutoa unyevu na kuvu huanzia mgongoni mwa kabati. Mkaa mkavu ndani ya soksi ya zamani hupunguza harufu ya uvundo. Rafu ya chini, iliyo rahisi kufikika gizani, mwenye kabati aliitenga kwa ajili ya binti yake mjamzito: mkoba wenye khanga safi, nguo za mtoto zilizofuliwa na kuanikwa, kofia, soksi na kadi ya kliniki.

Zile doti za mama yake alizishika muda mrefu. Kisha akaomba mkasi, akakata moja katikati, akaweka vipande viwili ndani ya mkoba ule. Mume alirudi jioni, akalisifu kabati, akavua koti lake na kulitundika kwenye kiti.