Habari za Shimo Moja Kayole

Wasomaji wakaao mitaa ya Eastlands, Nairobi, waujua vyema udongo mweusi unaong'ang'ania viatu wakati wa masika, nao wakati wa kiangazi hupasuka hata mtu aweza kutia mkono katika nyufa zake. Jirani yangu wa Kayole alijenga vyumba vitatu juu yake, na kabla ya mwaka kwisha ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka dirishani hadi msingi. Udongo huo hunywa maji ukafura na kuinua nyumba. Ukikauka hunywea, wala haushuki sawasawa pande zote.

Basi alipotaka kujenga upya aliniomba niandike habari za shimo la msingi, kwa kuwa kazi yangu ni ukarani. Kwanza tulikwangua ubavu wa shimo kwa jembe, maana matope ya juu huteremka yakaficha tabaka za chini. Kisha tulining'iniza utepe wa kupimia kutoka usawa wa ardhi, nami nikaandika kwa kalamu ya risasi, kwani wino haupatani na mvua.

Kutoka juu hadi futi 4: udongo mweusi, mzito, unaofinyangika kuwa uzi mwembamba pasipo kukatika. Kutoka hapo hadi futi 5 na inchi 3: udongo wa kijivu wenye vipande vyeupe, vigumu, vikubwa kama viazi.

Fundi akasema, "Bwana Karani, huu ndio mwamba. Tumwage zege."

Nikatia matone ya siki juu ya kipande kimoja, kikatoa povu. Ilikuwa chokaa, iliyoganda ndani ya udongo kidogo kidogo kadiri maji yalivyokauka. Katika nyanda za Athi chokaa ya namna hii imechimbwa kwa kutengeneza saruji. Lakini hapa ilikaa katika udongo kama nyama katika mchuzi. Tulipochoma mtaimbo katikati ya vipande, ulizama.

Jirani alinuna, kwa sababu kuchimba siku mbili zaidi ni fedha. Tukapita inchi 16 za jiwe lililooza, na kwenye futi 6 na inchi 7 mtaimbo ukalia: jiwe gumu la volkeno, ambalo wataalamu huliita fonolaiti.

Katika kona ya pili, hatua ishirini tu kutoka hapo, mwamba ulikuwa futi 8. Nikaandika hayo pia, pamoja na tarehe. Karatasi ile jirani ameiweka na hati ya kiwanja.