Nafasi ya Njia ya Kutolea Joto katika Upozaji wa Elektroni kwa Viungo vya Supakondakta

Makala haya yanafafanua jinsi elektroni zinavyopozwa chini ya Kelvini 1, na kudai kwamba kuondolewa kwa joto upande wa pili wa kiungo kuna uzito sawa na uteuzi wa elektroni zenyewe.

Mtungi wa udongo katika nyumba za Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, unatoa kielelezo. Molekuli za maji zenye nishati kubwa huponyoka kupitia vinyweleo vya udongo. Zinazobaki huwa na wastani mdogo wa nishati, na maji hupoa. Upepo wa ziwa huuchukua mvuke. Mtungi huohuo ukifungiwa mahali pasipopita hewa, unyevu hujaa na upozaji hukoma.

Katika kiungo, shaba hutenganishwa na alumini kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita 1 hadi 2 hivi. Chini ya takriban Kelvini 1.2 alumini huwa supakondakta: elektroni zake huambatana jozi jozi, na hutokea pengo la nishati lisilo na nafasi ya elektroni pweke. Volteji ikiwekwa chini kidogo ya milivolti 0.2, elektroni zenye nishati kubwa ndizo hupenya, na zinazobaki katika shaba hupoa.

Nahum, Eiles na Martinis walionyesha jambo hili mwaka 1994. Mwaka 1996 Leivo, Pekola na Averin waliunganisha viungo viwili, wakashusha halijoto ya elektroni kutoka Kelvini 0.3 hadi karibu 0.1. Elektroni hupoa kuliko atomu zinazozizunguka kwa sababu nguvu ya joto linalobadilishwa baina yao hufuata kipeo cha tano cha halijoto: halijoto ikishuka mara 3, kipeo hicho hushuka mara 243.

Hapa ndipo kielelezo cha mtungi kinapodai uangalifu. Elektroni zilizopenya hazina upepo wa kuzichukua. Hubaki katika alumini zikiwa pweke, pamoja na joto la kazi ya umeme, ambalo ni mara kadhaa ya lile lililoondolewa. Zikirundikana, hurudisha joto kwenye shaba. Ndiyo maana watafiti hupanua alumini na kuigusisha na tabaka la metali ya kawaida linalozinasa elektroni hizo mbali na kiungo. Kwa hiyo, tathmini ya kipozaji cha aina hii haikamiliki bila kupima mrundikano huo.