MAELEZO JUU YA DAWA ZA MARADHI YA KUDUMU: SELIMUNDU NA DIRISHA LA DAWA KAHAMA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba maelezo haya yanahusu dawa za maradhi ya kudumu, yaani yale ambayo mgonjwa hatumii dawa kwa siku saba akapona, bali huitumia mwaka hadi mwaka chini ya uangalizi. Mfano uliochukuliwa ni wa maradhi ya selimundu katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na hususan kata ya Nyasubi iliyomo mjini humo. Kahama ni mbali na bahari, lakini jambo lenyewe haliko mbali na wakaazi wa Unguja na Pemba. Maradhi hayo yapo visiwani, na mtumishi wa taasisi ya Muungano anaweza kupangiwa kazi Kahama mwaka huu na Chake Chake mwaka ujao, akahama pamoja na mtoto wake mgonjwa.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini huduma ya namna hii imejengeka kwa ajili ya maradhi kama maltipo sklerosisi, ambayo hushambulia ubongo na uti wa mgongo, na ambayo ni nadra katika nchi zilizo karibu na ikweta. Huko yako maduka maalumu ya dawa ambayo kazi yake si kuuza tu. Mfamasia humpigia mgonjwa simu kabla dawa haijamwishia, humuuliza juu ya madhara, hufuatilia vipimo vyake vya damu, na hata kumpelekea dawa nyumbani. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, maradhi yanayodai uangalizi wa kiwango hicho, na yenye wagonjwa wengi, ni selimundu.

Selimundu ni maradhi ya kurithi. Mtoto huyapata pale anapopokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, wazazi ambao aghalabu wao wenyewe ni wazima. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kubaki mviringo na laini, hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika kabla ya wakati wake. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, uambukizo wa mara kwa mara, na kwa baadhi ya watoto kiharusi. Mtaalamu Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea zaidi palipokuwa na malaria nyingi, na mwambao wa Ziwa Viktoria ni mahali pa namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Bugando, Mwanza, umeonyesha kuwa katika Kanda ya Ziwa takriban mtoto 1 kati ya kila 5 hubeba kinasaba hicho, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 huwa na maradhi yenyewe. Kwa Tanzania nzima, makisio yanayotajwa zaidi ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Kwa miaka mingi mzazi wa mtoto wa selimundu alikuwa akiondoka hospitalini na vidonge vya asidi ya foliki, dawa ya maumivu, na nasaha ya kumnywesha mtoto maji mengi. Nasaha hiyo bado ni sahihi. (Watu wa Kahama na Shinyanga wanajua thamani yake, kwani maji ya Ziwa Viktoria yaliwafikia kwa bomba mwaka 2009 tu.) Kilichobadilika ni kupatikana kwa haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo huufanya mwili uendelee kutengeneza damu ya aina ile ya utotoni, isiyojikunja. Watu wazima wa Marekani walianza kuidhinishiwa dawa hii mwaka 1998. Kwa watoto wa Afrika kulikuwa na shaka iwapo ingefaa mahali penye malaria na lishe duni. Shaka hiyo iliondolewa na uchunguzi uliofanywa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Watoto 606 walipewa dawa. Matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, haja ya kuongezewa damu ikashuka kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria nayo ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo, ni vyema ikafahamika kuwa dawa hiyo haifanyi kazi yake kwa kuwekwa rafuni. Kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto. Tuchukue mtoto wa Nyasubi mwenye kilo 15, ambaye daktari amemwandikia miligramu 20 kwa kila kilo: anahitaji miligramu 300 kwa siku. Vidonge vya kapsuli vinavyopatikana zaidi ni vya miligramu 500. Mama akipewa kapsuli hizo bila ya maelezo, atafanya moja kati ya mawili: atampa mtoto nzima, ambayo ni nyingi mno, au atakata tamaa. Mfamasia anayeijua kazi yake hupiga hesabu ya wiki. Siku 7 kwa miligramu 300 ni miligramu 2,100, karibu sawa na kapsuli 4. Kwa hiyo daktari akiridhia, mtoto humeza kapsuli moja katika siku nne zilizotajwa za wiki, na siku hizo huandikwa kwenye kadi. Njia nyengine ni kuitengeneza dawa iwe ya maji yenye miligramu 100 katika kila mililita, hapo mtoto hupewa mililita 3 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Utengenezaji huo ni kazi ya famasi, kwa glavu, na si wa kufanywa jikoni. Unga wa kapsuli usiguswe kwa mkono mtupu, na mama mjamzito asiushike kabisa. Mtoto akiongezeka uzito, hesabu hurudiwa. Kipimo cha mwaka jana si cha mwaka huu.

Linalofuata ni damu. Haidroksiyurea inaweza kupunguza chembe nyeupe na chembe sahani kuliko inavyotakiwa. Kwa sababu hiyo hesabu kamili ya damu hupimwa kila baada ya wiki chache dawa inapoanzwa, kisha kila miezi miwili au mitatu mgonjwa anapotulia. Chembe zikishuka mno dawa husimamishwa kwa muda na kuanzwa tena, mara nyingi kwa kipimo kidogo zaidi. Faida yake haionekani kwa siku mbili, huchukua miezi. Mzazi asiyeambiwa hilo huona mwezi wa kwanza umepita na mtoto bado analia kwa maumivu, akaacha.

Kutoka Kahama hadi Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Nauli ya watu wawili, siku za kazi zilizopotea na mahali pa kulala hugeuka kuwa sehemu ya bei ya dawa, ingawa haviandikwi kwenye risiti. Kwa familia za wachimbaji wadogo kuna tatizo jengine. Baba hufuata dhahabu ilipo: leo Msalala, mwezi ujao Geita, na baadaye Chunya. Familia ikihama naye, jalada la mtoto hubaki nyuma, na mganga mpya huanza kuuliza upya kila kitu, wakati mtoto tayari hana dawa kwa wiki tatu.

Hapana budi kutaja pia kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtoto akionekana mweupe wa macho na mnyonge, mzazi hukimbilia duka la dawa muhimu kununua dawa ya kuongeza damu. Maduka hayo, ambayo utaratibu wake ulianza Ruvuma mwaka 2003, yamewasaidia wengi, lakini haidroksiyurea si miongoni mwa dawa wanazoruhusiwa kuuza, na dawa nyingi za kuongeza damu huwa na madini ya chuma. Damu ya mgonjwa wa selimundu hupungua kwa kuvunjika, si lazima kwa kukosa chuma; na aliyeongezewa damu mara kadhaa huweza kuwa na chuma cha kuzidi. Asidi ya foliki ni kitu tofauti, nayo anaihitaji. Muuzaji anayeuliza "mtoto ana selimundu?" kabla ya kufungasha chupa amefanya kazi kubwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba uangalizi wa namna hii hauwezekani nje ya miji mikubwa. Ukweli ni kwamba tayari upo, tena kwa maradhi mengine. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zimekuwa zikitolewa bila malipo nchini, kwanza katika hospitali chache, baadaye hadi kwenye vituo vya afya na zahanati. Kila mgonjwa ana kadi, ana tarehe ya kurudi, na asiporudi hutafutwa. Aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Jalada lake humfuata akihama. Hata uchunguzi wa selimundu uliotajwa hapo juu ulitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi, ambayo yalikwisha kuchukuliwa kwa watoto wachanga ili kuwapima virusi hivyo. Wafanyakazi wanaojua utaratibu huu wapo Kahama leo. Kinachopungua ni kuutandika utaratibu uleule juu ya maradhi mengine ya kudumu, na kuhakikisha kwamba maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa yanataja idadi halisi ya wagonjwa na uzito wao, badala ya kukisia kopo mbili kwa robo mwaka.

Kuhusu gharama, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu ulianza mwaka huohuo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Upandikizaji ni wa wachache. Walio wengi wataishi kwa kapsuli.

Kwa mtumishi au mkaazi anayehama na mgonjwa, iwe ni kutoka Bara kwenda Zanzibar au kinyume chake, izingatiwe kuwa dawa husajiliwa na mamlaka mbili tofauti, TMDA kwa Bara na Wakala wa Chakula na Dawa kwa Zanzibar, hivyo jina la kibiashara alilolizoea huenda asilikute. Aombe kadi yenye jina halisi la dawa, uzito wa mgonjwa na tarehe aliyopimwa, kipimo kwa siku au kwa wiki, matokeo matatu ya mwisho ya hesabu ya damu, na tarehe za kuongezewa damu. Aondoke na dawa ya kumtosha angalau miezi miwili, ikiwa kavu na mbali na joto. Mtoto wa chini ya miaka 5 aendelee na penisilini yake safarini, mara mbili kwa siku. Homa ikifika nyuzi 38 apelekwe hospitali siku ileile, hata kama familia imefika usiku na mizigo haijafunguliwa. Nakala ya kadi iachwe kwa mwalimu mkuu wa skuli anayosoma, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kumwacha mtoto anywe maji na kwenda haja wakati wa masomo.