Kupanda ni pumzi, kushuka ni akili



Kwetu kinga (baisikeli) si kitu cha mchezo. Ndiyo inayotufikisha kazini, ndiyo inayopeleka mtoto kwa munganga, ndiyo inayoleta makala kutoka porini. Kila mtu aliyeshuka mlima akiwa na magunia nyuma anajua jambo hili: pa kupanda mtu anachoka, lakini pa kushuka mtu anaumia. Leo tuangalie njia moja ya mbali, ambako watu wanapanda kinga kwa mchezo tu, mahali pa juu sana kuliko makao yetu. Somo lake linatufaa sisi pia.

MJI WA WACHIMBAJI

Njia hiyo inaitwa 401. Iko Marekani, katika jimbo la Colorado, karibu na mji mdogo wa Crested Butte. Wazee wa mji huo walikuwa wachimbaji kama sisi. Walichimba makaa ya mawe. Tarehe 24 Januari 1884 gesi ililipuka katika mgodi wa Jokerville na kuua watu karibu 60. Mgodi mwingine mkubwa wa mji, Big Mine, ulifungwa mwaka 1952.

Baadaye vijana wa mji walianza kupanda milima kwa kinga za zamani zenye matairi manene. Mwaka 1976 kikundi chao kilivuka kilele cha Pearl Pass, karibu metre 3.870, mpaka mji wa Aspen. Mwaka ule ule, huko California, watu wengine walikuwa wakishindana kushuka mlima kwa kinga za namna ile ile. Freni zao zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma. Zilipata moto hata grisi ikaungua, na kila mara baada ya kushuka ilikuwa lazima kufungua na kutia grisi mpya. Kwa hiyo njia ile iliitwa Repack, maana yake kutia grisi upya. Mnaona, mchezo huu ulianza pamoja na somo la freni.

HEWA NI ILE ILE, LAKINI NI NYEPESI

Lubumbashi iko karibu metre 1.230 juu ya bahari. Crested Butte iko karibu metre 2.700. Kutoka hapo barabara ya udongo inapita Gothic, kijiji cha zamani cha wachimbaji wa feza, halafu inapanda mpaka Schofield Pass, karibu metre 3.260. Hapo barabara inaachwa. Njia nyembamba inapanda tena kati ya miti mpaka karibu metre 3.450, kiisha inashuka kwa upande mwingine na kurudi kwenye barabara ile ile. Ukianzia Gothic, mzunguko mzima unapita kilometre 20.

Sisi tunajua hewa mbaya. Katika galeri isiyopata upepo, oksijeni inapungua kwa sababu gesi nyingine imechukua nafasi yake, au kwa sababu imetumika. Juu ya mlima mambo ni tofauti. Katika sehemu 100 za hewa, oksijeni ni 21, sawasawa na kando ya bahari. Lakini hewa yenyewe ni nyepesi, haikandamizwi. Kwenye metre 3.450, kila pumzi inaleta kama sehemu mbili tu kwa tatu za oksijeni ambayo ingeleta kando ya bahari.

Mwili unajibu namna gani? Pumzi inakwenda mbio, moyo unapiga haraka, hata kama mtu amesimama. Kisha mwili unaanza kutengeneza damu zaidi, lakini kazi hiyo inaomba majuma, si masaa. Basi mtu aliyefika jana kutoka chini, na leo anataka kumaliza njia 401, anaudai mwili wake kitu ambacho haujapata. Inafaa kwanza alale siku chache mjini, atembee polepole, anywe maji, aache pombe.

Kama kichwa kinauma, na pamoja nacho kuna kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa hamu ya chakula, ni alama ya ugonjwa wa mlima. Mara nyingi alama hizo zinaanza masaa machache baada ya kufika juu. Usipande tena. Kama mtu anakosa pumzi hata akikaa, anakohoa, anatembea kama mlevi au anasema maneno yasiyoeleweka, ashushwe mara moja, na asiachwe peke yake. Na msidanganyike: nguvu za mikono hazizuii ugonjwa huu. Kijana mwenye kifua kipana anaweza kuupata kama mwingine yeyote.

NENO GUMU: TURUDI

Mwenye kuijua njia 401 anatoka asubuhi mapema. Mwezi wa saba na wa nane, mvua ya radi inaweza kuanguka juu ya milima ile wakati wa mchana. Shauri la wenyeji ni kuwa umekwisha kuondoka mahali pa juu kabla ya saa sita. Anatumia vitesi nyepesi na kwenda mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Asipoweza tena kuzungumza, anashuka na kusukuma kinga kwa miguu. Hakuna haya.

Lakini njia ya mzunguko ina hila yake. Kila hatua mtu anajiambia: «Nyumbani ni mbele, si nyuma.» Kwa hiyo anaendelea hata wakati haifai. Mahali pa kuamua ni Schofield Pass. Ukisikia radi ukiwa pale, au mwenzako ameanza kuumwa kichwa, barabara pana uliyopanda nayo bado iko mgongoni mwako, na itakushusha bila taabu. Ukiingia njia nyembamba, kurudi kunakuwa kugumu zaidi kila unapoongeza mwendo. Mara nyingi kilele kinabaki karibu sana. Hapo ndipo neno «turudi» linakuwa zito mdomoni. Na hapo ndipo linaokoa watu.

DAKIKA TANO ZA KILELENI

Wazee wanasema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mtu anafika juu na furaha. Anaona milima pande zote, na chini yake maua mpaka bondeni. Anafikiri kazi imekwisha. Kumbe mikono inatetemeka, jasho linapoa mgongoni, na kwa sababu ya hewa nyepesi akili inakwenda polepole bila yeye mwenyewe kujua. Na mbele yake kuna njia nyembamba kando ya mteremko mkali. Mwezi wa saba majani na maua yanaweza kufika kwenye usukani na kuficha mawe na kona.

Kwa hiyo asimame kwanza, dakika tano tu:

1. Anywe maji, ale kidogo, avae koti.
2. Afunge vizuri kofia ngumu ya kichwa.
3. Ajaribu freni zote mbili, aangalie matairi, ashushe kiti.
4. Amuulize kila mwenzake swali, asikilize kama jibu ni la sawa.
5. Wapange nani atangulia na nani afuate, na nafasi kubwa kati yao.

Wakati wa kushuka macho yaangalie mbali mbele, si kwenye gurudumu. Pedali ziwe sawasawa, mwili urudi nyuma kidogo, vidole viwe juu ya freni. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na kwenye mteremko mrefu asikamate freni bila kuachia. Azipe nafasi ya kupoa.

NA SISI?

Ndugu mfanyakazi, wewe pia una kilele chako. Ni mwisho wa poste. Kazi imekwisha kichwani, lakini ngazi bado, galeri bado, barabara ya nyumbani bado. Mtu anavua kofia kabla ya kutoka. Anaruka hatua moja ya ngazi. Anapanda kinga na usingizi machoni, anaacha freni isiyoshika mpaka siku ya mshahara. Amepanda vizuri, sasa anaanguka akishuka.

Chukua na wewe dakika tano. Jaribu freni kabla ya mteremko, si ndani yake. Kama mzigo ni mzito, shuka utembee. Na wewe kapita, mfanyakazi akikuambia «hapa hewa si nzuri, turudi», usimcheke. Mshukuru.

Mama, mume wako akitoka na kinga asubuhi, muulize: «Freni zinashika?» Ni swali dogo. Lakini safari inahesabiwa mtu akiisha kuingia mlangoni mwake mzima, si akifika kileleni.