Sanduku la Bahati Ndani ya Simu: Kikundi Kifahamu Nini?



Tunapotembelea vikundi vya Kitui na Makueni, swali moja linarudi kila mara: "Hawa vijana wetu wanafanya nini na simu usiku kucha?" Wazazi wanasema ni kamari. Vijana wanasema ni mchezo tu. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo sababu mazungumzo huishia kwa ugomvi.

Jambo hili si la nyumba moja pekee. Mwanachama akikopa pesa za chama kununua mbegu, kisha pesa hizo ziingie kwenye simu, deni linabaki mezani na wanachama wenzake ndio wanaoumia. Kwa hivyo tumeona heri tueleze jinsi michezo hii inavyofanya kazi. Pia kuna jaribio mnaloweza kufanya mkutanoni. Halihitaji simu, linahitaji mbegu za ndengu tu.

NJIA MBILI ZA KUPATA CHOMBO KIKUBWA

Tuchukue mfano wa michezo ya vyombo vya angani, ambayo watu huchezea kwenye kompyuta na simu. Mchezaji huanza na chombo kidogo, dhaifu. Anatamani kikubwa chenye injini kali na silaha nzito. Kuna njia mbili za kukipata.

Njia ya kwanza ni kazi ya kurudia-rudia. Katika mchezo wa EVE Online, uliotengenezwa Iceland na kutolewa mwaka 2003, wachezaji huchimba mawe angani, huyasafisha yakawa madini, na kwa madini hayo huunda vyombo. Kazi hiyo inachosha, lakini hesabu yake iko wazi. Ukijua chombo kinataka madini kiasi gani, unajua pia umebakiza kiasi gani.

Njia ya pili ni sanduku la bahati. Katika mchezo wa Star Trek Online, ulioanza 2010, kuna masanduku yaliyofungwa. Ufunguo unauzwa. Ukifungua, mara nyingi unakuta vitu vya kawaida. Mara chache sana unakuta chombo cha maana. Hapa huwezi kusema umebakiza kiasi gani. Unaweza kupata leo, au usipate kamwe.

Ujanja wa biashara ni kuziweka njia hizi mbili pamoja. Kazi inafanywa ndefu hadi mtu achoke, halafu sanduku linawekwa kando yake likimwita. Mnamo Novemba 2017, kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa Star Wars Battlefront II. Wachezaji walipiga hesabu wakaona kwamba kumpata mhusika mmoja mashuhuri kungewachukua karibu saa 40 za kucheza, na huku masanduku yenye vifaa vya kuimarisha askari na vyombo vya angani yalikuwa ya kununuliwa kwa pesa. Kelele zilikuwa kubwa hata kampuni ikasimamisha uuzaji huo kabla tu ya uzinduzi. Aprili 2018, tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya namna hii yanayolipiwa ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo.

KWA NINI MTU HAACHI?

Tusikimbilie kusema kijana ni mvivu. Mtu anayekaa macho hadi alfajiri akibonyeza simu si mvivu. Ni mtu anayefanya kazi mahali ambapo malipo yamepangwa yasijulikane.

Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alichunguza jambo hili kwa njiwa, na mwaka 1957 yeye na mwenzake C. B. Ferster walichapisha matokeo. Njiwa alipewa kitufe cha kudonoa ili apate chakula. Chakula kilipokuja kwa idadi ya midono isiyotabirika, njiwa alidonoa kwa kasi karibu bila kupumzika. Chakula kilipokatwa kabisa, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu kuliko njiwa aliyezoea kupata kila anapodonoa. Kukosa hakukumwambia aache, kwa sababu alishazoea kwamba kukosa hutangulia kupata.

Binadamu si njiwa, ana akili na dhamiri. Lakini anayetengeneza mchezo anaujua udhaifu huu na anautegemea.

NDUGU ZAKE SANDUKU HAPA KWETU

Sokoni kwetu si wengi wanaonunua funguo za vyombo vya angani. Lakini wengi wanaijua ile ndege ndogo ya Aviator, na wengi wameziona mashine za kamari zinazomeza sarafu za shilingi 20. Ni ukoo mmoja. Ndege inapaa, hesabu inapanda, na unatakiwa kutoa pesa zako kabla haijatokomea. Hujui itatokomea lini.

Watengenezaji wa Aviator wenyewe wanasema mchezo hurudisha asilimia 97. Kijana akisikia hivyo anaona kama zawadi. Hebu tupige hesabu. Katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 3 hazirudi kwa wachezaji. Mtu akianza na shilingi 100 na kuziweka zote tena na tena, baada ya raundi 50 kinachobaki kwa wastani ni kama shilingi 22. Huo ni wastani tu: wachache huondoka na nyingi, na wengi huondoka bila kitu. Raundi 50 ni kazi ya jioni moja.

Serikali imejaribu kufunga lango. Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, na mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari, ambayo Rais alitia sahihi mwezi Agosti. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini sheria iko Nairobi na simu iko mfukoni. Mlinzi wa karibu ni nyumba na kikundi.

JARIBIO LA NDENGU

Tieni ndani ya kibuyu mbegu 9 za ndengu na mbegu 1 ya kunde iliyolingana nazo kwa ukubwa. Kunde ndiyo chombo kikubwa. Kila mwanachama achote mbegu moja bila kuangalia, airudishe, atikise kibuyu, na achote tena, hadi atimize mara 10. Katibu aandike.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kunde ni moja kati ya kumi, mtu akichota mara kumi lazima aipate. Sivyo. Kati ya watu 20, tarajieni karibu 7 watoke mikono mitupu, huku wengine wakiipata mara mbili au tatu. Kibuyu hakikumbuki kwamba ulikosa jana. Hakina deni nawe. Maneno yanayoharibu nyumba nyingi ni haya: "Nimekosa sana, sasa yangu iko karibu." Haiko karibu. Iko mbali vilevile kama ulipoanza.

LAKINI HATA MVUA NI BAHATI!

Mtu anaweza kutuuliza: Je, mkulima wa Ukambani hachezi bahati? Anapanda mwezi wa kumi bila kujua mvua itakuja. Tangu mwisho wa 2020, sehemu nyingi kame za Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo.

Ni kweli, na hii ndiyo sababu swali la vijana linastahili heshima. Kijana aliyeona mimea ikikauka mara tano haoni ajabu kujaribu ndege ya simu. Tofauti haiko katika bahati. Iko katika kinachobaki baada ya kukosa.

Angalieni bwawa la mchanga. Katika Kitui, shirika la SASOL limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa haya. Mwethya unajenga ukuta mtoni, kisha mafuriko yanaleta mchanga. Huenda mchanga ukajaa kwa msimu mmoja, huenda ikachukua misimu kadhaa. Mvua hatuipangi. Lakini mchanga ulioletwa na mafuriko ya kwanza unangoja ya pili, na ndani yake kuna maji wakati wa kiangazi. Vivyo hivyo matuta ya fanya juu: mvua ikikosa, tuta bado lipo. Bahati inaongeza juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Sanduku la simu halijengi ukuta wowote. Ukikosa, unaanza upya, na pesa zimepungua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe na kitako.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mkopo wa pembejeo ulipwe moja kwa moja kwa mwenye duka, si kwenye simu ya mkopaji.

2. Mweka hazina asikae na pesa za chama katika laini yake binafsi. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu.

3. Mwanachama aliyenaswa na michezo asiaibishwe mbele ya mkutano. Wawili anaowaamini wamtembelee nyumbani, na deni ligawanywe alipe kidogo kidogo. Aibu humrudisha mtu kwenye simu kutafuta pesa za kulipa.

4. Vijana wapewe kazi yenye hesabu wazi. Anayechimba tuta alipwe kwa mita, siku hiyo hiyo, na aandikiwe daftarini aone anavyosonga mbele.

MASWALI YA KUJADILI

- Ni vijana gani hapa kwetu wanaofanya kazi kwa bidii lakini hawaoni hesabu yake ikipanda?
- Pesa za chama chetu hupitia simu ya nani?
- Someni pamoja Methali 13:11. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kinachoongezeka kwa kukusanywa kidogo kidogo?